Propranolol kwa mgonjwa asiye na presha

Ndugu, umeuliza kwa nini mama yako, ambaye tezi yake ya shingo inatoa homoni kupita kiasi, ameandikiwa propranolol ilhali presha yake iko sawa, na kama anaweza kuiacha akabaki na carbimazole peke yake kwa sababu inamchosha na kumtia baridi ya mikono. Niliwahi kuugua ugonjwa huohuo na kutumia dawa hizo mbili kwa pamoja.

Carbimazole huzuia tezi isitengeneze homoni mpya, lakini ile iliyokwisha kutengenezwa huendelea kufanya kazi mwilini, ndiyo maana nafuu yake huchukua wiki kadhaa kuonekana. Katika kipindi hicho moyo hukimbia hata ukiwa umelala, na mikono hutetemeka kiasi cha kumwaga chai. Propranolol huziba vipokezi ambavyo adrenalini huvitumia kuuharakisha moyo, na kwangu mapigo na mtetemeko vilitulia mapema kabisa, wakati vipimo vya homoni vilikuwa bado viko juu. Haiitibu tezi yenyewe. Homoni zinapokaa sawa, daktari huipunguza kisha huiondoa, huku carbimazole ikiendelea.

Dawa za kundi hili, yaani beta bloka, hazikuanzia kwenye presha. James Black, mwanasayansi aliyeivumbua propranolol na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, alikuwa akitafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha. Leo bisoprolol na carvedilol hutumika kwa wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, timolol ni matone ya presha ya macho, na propranolol huzuia kipandauso kisijirudie. Mjomba wangu wa Kanda ya Ziwa, ambaye kichocho kilimharibia mishipa ya ini, huimeza ili mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula isipasuke akatapika damu tena. Kwa presha ya kawaida, ajabu ni kwamba siku hizi miongozo mingi haiziweki mbele.

Kuhusu kuiacha propranolol, mama yako asiiache ghafla, kwani moyo uliozoea kuzuiwa huweza kurudi kwenye mbio kwa nguvu zaidi, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata hata shambulio. Jambo ambalo hukulitaja ni pumu: kama amewahi kuugua, daktari ajulishwe leo, maana propranolol huweza kubana njia za hewa, na hata matone ya timolol yana hatari hiyo. Akiwa anatumia insulini, ajue pia kuwa sukari ikishuka huenda asihisi moyo kwenda mbio, ingawa jasho litamtoka.

Uchovu na mikono baridi ni madhara yanayojulikana, na mara nyingi dozi ikipunguzwa hupungua. Mhesabie mapigo kwa dakika nzima akiwa ametulia. Yakiwa chini ya 50, au akipata kizunguzungu au kuzimia, mpeleke hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.