Tangawizi kwa mama anayenyonyesha

SWALI: Nilijifungua kwa njia ya kawaida wiki tatu zilizopita. Mama mkwe hunipikia uji wa pilipili manga na kunichemshia chai ya tangawizi asubuhi na jioni, akisema kwamba huleta maziwa. Jirani ananionya kuwa ukali wake utamsokota mtoto tumbo. Je, niache? – Mzazi, Tanga

JIBU: Usiache kwa sababu hiyo. Tangawizi inayotiwa katika chai, uji au mchuzi kwa kiasi cha kawaida cha mapishi haijulikani kumdhuru mtoto anayenyonya, na watoto wengi hulia jioni katika wiki hizi za mwanzo hata kama mama zao hawagusi viungo. Ukiona mwanao anasumbuka kila mara unywapo, pumzika siku chache uone kama kuna tofauti.

Kuhusu kuongeza maziwa, mama mkwe ana hoja, ila si kubwa. Katika utafiti uliofanywa nchini Thailand, wanawake waliomeza miligramu 500 za tangawizi kavu mara mbili kwa siku baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida walikuwa na maziwa mengi zaidi siku ya 3, lakini kufikia siku ya 7 hawakutofautiana na wenzao. Wewe umekwisha kuvuka kipindi hicho. Kinachoyaleta maziwa sasa ni mtoto mwenyewe kunyonya vizuri, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwamo. Chai inywe kwa kuwa unaipenda na inakutuliza, jambo ambalo kwa mzazi si dogo.

Tahadhari yangu iko kwenye vidonge na unga wa tangawizi unaouzwa kama dawa, kwa kuwa kipimo chake huzidi cha jikoni na usalama wake kwa wanaonyonyesha haujachunguzwa vya kutosha. Anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, dawa za kisukari, au mwenye vijiwe vya nyongo, amwulize daktari kwanza. Kiungulia kikikuzidi, punguza.

Mtoto naye asipewe maji ya tangawizi, hata kijiko kimoja cha kutuliza chango, kwani hadi atimize miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee. Akikojoa chini ya mara 6 kwa siku au asipoongezeka uzito, mpeleke kliniki, na umwombe muuguzi atazame anavyolishika titi.