Kabla hujaulaumu mkono wako, kagua springi

Msomaji wa Kahama, mwenzangu katika biashara ya uwakala wa fedha, kaniandikia wiki hii. Kanunua bastola ndogo mpya ya milimita 9, kibali anacho, lakini kila akienda kulenga shabaha slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inarudi mbele na kuishia njiani, imebaki kidogo tu ifunge. Muuzaji kamjibu, "Mama, zoezi bado." Nilipofika hapo nikacheka kwa hasira, maana maneno hayo nayajua hadi nukta.

Mimi nasambaza floti, yaani fedha za kuendeshea kazi, kwa mawakala, kuanzia Tabora mjini hadi Sikonge na Urambo. Msimu wa tumbaku, fedha taslimu inayopita barabara hizo inatisha. Habari za kuomba kibali sisimulii, kila mwenye silaha anaijua foleni yake. Bastola ikaja, nzuri, inaingia mkobani bila kuuvimbisha. Nikaenda nayo uwanja wa shabaha, mwanamke peke yangu. Risasi za mwanzo zikatoka vizuri, halafu ikaanza kugoma. Nikaambiwa nimelegeza mkono. Nikakaza. Ikagoma. Nikaambiwa naogopa mlio. Jamaa mmoja pembeni, asiye na haya, akasema silaha si mwiko wa kusongea ugali. Wakacheka. Mimi niliyekulia kubeba ndoo za asali kutoka porini, leo naambiwa mkono mlegevu!

Nikamkabidhi mkufunzi, nikamwomba apige yeye. Ikamgomea naye. Vicheko vikaishia hapo. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara mwenye bastola ya aina hiyohiyo. Akakubali tubadilishane springi za kurudishia slaidi, mkufunzi akisimamia. Ya kwangu ikapiga magazini nzima, yaani kasha zima la risasi, bila kukwama. Ya kwake, ikiwa na springi yangu, ikagoma. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Sasa tuelewane. Risasi ikilipuka, slaidi inasukumwa nyuma, inatupa ganda na kuibana springi iliyo chini ya mtutu. Springi ikijikunjua ndiyo inayoirudisha slaidi mbele, na njiani inaokota risasi mpya na kuiingiza chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Bastola kubwa ina nafasi ya kufanya hayo kwa raha. Ndogo ina mtutu mfupi, slaidi nyepesi na safari fupi, kwa hiyo springi yake lazima iwe kali, na nyingi huwekewa mbili, moja ndani ya nyingine, kwenye fimbo moja. Springi inayobanwa namna hiyo haivumilii kasoro, na huchoka mapema kuliko ya bastola kubwa. Hata wakubwa wa kazi hii yamewakuta: mwaka 2011 Glock ya Austria ilitangaza kuwabadilishia wateja springi za bastola zake za kizazi cha nne. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba kitu kipya hakiwezi kuwa na kasoro, mtazame tu.

Mkono kulegea kupo, sikatai. Lakini mkono mlegevu, risasi dhaifu au springi kali kupita kiasi, mara nyingi huifanya slaidi isirudi nyuma ya kutosha, ganda likanaswa pale linapotokea. Slaidi inayokataa kumalizia kufunga, anza na springi, kisha uchafu. Huku kwetu kiangazi vumbi haliombi ruhusa, na sisi wa mikoba tuna poda na nyuzi za khanga mle ndani. Futa, weka mafuta kidogo sana. Ukiyamwaga yatakusanya vumbi lote la barabara ya Sikonge.

Kuna jaribio la nyumbani. Toa magazini, koki kwa kuvuta slaidi nyuma, tazama chemba, kisha tazama tena, na risasi zote zibaki chumba kingine. Elekeza mdomo juu, upande usio na mtu. Bonyeza kifyatulio usikiachie, vuta slaidi nyuma, irudishe polepole kwa mkono. Ikishindwa kumalizia safari kwa nguvu yake yenyewe, springi inatiliwa shaka. Kifyatulio kinashikiliwa kwa sababu katika bastola nyingi za siku hizi springi ya pini inayogonga risasi huivuta slaidi kinyume, na hapa tunaipima ile ya slaidi tu.

Dada zangu, na nyinyi kaka mnaonunua silaha kwa kutazama rangi: bastola mpya ni ya kujaribiwa, si ya kuaminiwa. Ijaribu kwa risasi zilezile utakazotembea nazo. Mtu akikwambia tatizo ni wewe, mwambie apige yeye. Msione haya! Haya zimetufanya tukubali mizani iliyochezewa, noti zilizopungua, na sasa vyuma vibovu. Na fundi baiskeli asiguse. Springi iliyovutwa kwa koleo itakaa sawa leo, itakuangusha siku unayoihitaji, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka anayetengeneza silaha awe na leseni.

Muuzaji wangu wa Dar alinizungusha sana kwenye simu, mpaka nilipomtumia video ya mkufunzi akigomewa. Springi mpya ikaja na basi la usiku, bila hata neno la pole. Kwa hiyo wewe wa Kahama, rudi uwanjani, mpe anayejua kupiga, mtu mwingine arekodi, kisha tuma pamoja na picha ya risiti. Na risiti hiyo usiiweke kwenye mkoba mmoja na bastola, mafuta yatafuta maandishi.