Mteja anayeogopa utawala wa kiimla: mambo ya kujua kabla hujakaa naye

Mteja akikwambia hapati usingizi kwa sababu ya mwelekeo wa nchi yake, usikimbilie kujibu. Washauri nasaha wapya huteleza hapa kwa njia mbili. Mmoja humtuliza: "Haitafika huko." Mwingine, kwa kuwa naye ana hofu, hukubaliana na kila utabiri, na kikao chote kinaishia kuwa mjadala wa siasa. Wote wawili wamejifanya wanaijua kesho, na mteja anajua kwamba hawaijui. Atakaporudi nyumbani atakuwa na hofu ile ile, na juu yake upweke wa kutosikilizwa.

Ulichoitiwa ni kumsaidia alale, afanye kazi, aamue mambo yake na abaki na watu wake wakati kesho haijulikani. Mambo hayo yanawezekana hata habari zikiwa mbaya kweli.

Wengi wetu tulifundishwa kutafuta wazo lililopotoka kisha kulipima kwa ushahidi. Mbinu hiyo inamfaa mtu anayeamini kwamba moyo utasimama kila unapodunda kwa kasi. Ukiitumia kwa mwandishi wa habari ambaye wenzake wawili wamekamatwa, unamwambia kwamba macho yake yana kasoro. Kwa hiyo anza kwa kuichambua hofu. Chukua karatasi, chora safu tatu, na umwachie yeye kalamu. Safu ya kwanza: yaliyokwisha kunipata mimi au jamaa zangu. Ya pili: yanayoweza kunipata kwa sababu ya kazi yangu, asili yangu, dini yangu, hati zangu au niliyoyaandika. Ya tatu: yanayowapata wengine, au nchi nzima, na yananiumiza.

Kila safu ina njia yake. Ya kwanza mara nyingi ni kiwewe na inahitaji tiba ya kiwewe. Ya pili inahitaji mpango wa usalama. Ya tatu ni huzuni, hasira na uzito wa kutojua. Kosa la kawaida ni kuzitibu zote tatu kwa mazoezi ya kupumua.

Pima pia. Fomu ya GAD-7 ina maswali 7 na alama 0 hadi 21: kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. PHQ-9, ya kupima sonona, ina maswali 9 na alama hadi 27, na swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Swali hilo usiliruke hata siku moja, hata kama mteja alikuja "kwa ajili ya siasa tu". Fomu hizi hazijui chanzo cha dalili. Zinakuonyesha ukubwa wake. Zirudie kila baada ya wiki chache, na ongeza maswali ya maisha: analala saa ngapi, pombe imeongezeka kiasi gani, amekosa kazi siku ngapi.

Ukifika kwenye uchunguzi rasmi, kuwa mwangalifu sana na maneno. Katika Umoja wa Kisovieti wapinzani walipewa jina la "skizofrenia ya mwendo wa polepole", utambuzi uliotokana na nadharia za Andrei Snezhnevsky, na wakafungiwa hospitalini. Mwaka 1983 chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo kilijiondoa katika shirikisho la dunia kabla hakijafukuzwa. Andika dalili: kukosa usingizi, kushtuka, kushindwa kula. Msimamo wa mteja kuhusu serikali si dalili, na hauna nafasi katika utambuzi wa ugonjwa.

Wako wateja waliowahi kuishi chini ya udikteta. Usiwaambie wanatia chumvi. Mara nyingi huziona ishara mapema kuliko wewe. Lakini kumbukumbu ya mwili nayo inaweza kuifunika leo yote: breki za gari usiku, buti ngazini, mlango kugongwa, na mtu yuko tena mwaka ule. Muulize mambo mawili, na ayaandike yote mawili: nini hapa kinafanana na kule, na nini ni tofauti? Ukiuliza la pili peke yake, atahisi unambishia.

Habari zinahitaji mpango wake. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, utafiti wa Alison Holman na wenzake ulikuta kwamba watu waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa 6 au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, waliripoti msongo mkali kuliko hata waliokuwa wameguswa na tukio lenyewe moja kwa moja. Mpango unaofaa kuanza nao ni mara mbili kwa siku, dakika 15 hadi 20 kila mara, kwa kusoma badala ya video, arifa zote zimezimwa, na simu iko mbali na kitanda saa nzima kabla ya kulala. Mpango huu huvunjika ndani ya siku chache, na sababu inajulikana: mteja anaogopa kwamba asipotazama, onyo litampita. Kuchungulia simu kunampa nafuu ya dakika chache, kisha hofu inarudi ikidai achungulie tena.

Dawa ya hilo ni kuandika mapema ishara za kuchukua hatua. Hapa tumia muda wa kutosha, kwa sababu ndipo wateja wengi wanapopata nafuu ya kweli. Ishara moja, hatua moja: "Nikipokea wito wa maandishi, nampigia wakili siku hiyo hiyo." "Shirika ninalofanyia kazi likifungiwa, watoto wanakwenda kwa dada." Ziwe tatu au nne, zisizidi, zikiwa kumi mteja amerudi kulinda doria usiku kucha. Kila ishara iwe kitu ambacho hata mtu mwingine angekiona. "Hali ikizidi kuwa mbaya" haifai, maana kwa mtu mwenye hofu hali huzidi kuwa mbaya kila asubuhi. Halafu achague mtu mmoja anayemwamini, atakayempigia jambo la dharura likitokea. Sasa ana ruhusa ya kuweka simu chini.

Mpango wa usalama wa safu ya pili uwe wa vitu vya kushikika. Nakala za pasipoti na vyeti ziwe mahali pawili. Namba ya wakili iwe kichwani au kwenye karatasi, kwa kuwa simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa. Iwepo idhini ya maandishi ya atakayewachukua watoto shuleni, na akiba ya dawa anazotumia kila siku. Simu ifunguliwe kwa nenosiri refu badala ya kidole au uso, na ujumbe nyeti upite kwenye programu yenye usimbaji kama Signal, ikiwa imewekwa ujumbe ujifute. Mambo ya sheria mpeleke kwa mwanasheria, usikisie. Kazi hii ipewe kikao kimoja au viwili, ifungwe, ipitiwe mara moja kwa mwezi. Ukiona mteja anauandika upya kila wiki na hakuna jipya lililotokea, mpango umegeuka kuwa wasiwasi wenye kalamu. Mpe zoezi la muda wa kuwaza: dakika 20 kila siku, saa ile ile, kiti kile kile, na mawazo yanayokuja nje ya muda huo yaandikwe kwa neno moja yasubiri.

Kuhusu mwili kwa ufupi: kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, dakika 5, mara mbili kwa siku akiwa ametulia. Anayejifunza katikati ya hofu kali hushindwa na kuamini kwamba "hakuna kinachosaidia". Kwa aliyeteswa, usimwambie afumbe macho wala asikilize pumzi yake. Nyayo sakafuni, macho wazi, ataje anavyoviona.

Kisha kuna kukata tamaa. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walieleza jinsi mnyama anayepata maumivu asiyoweza kuyazuia anavyoacha kujaribu. Mwaka 2016 walirekebisha maelezo yao: kulegea ni mwitikio wa asili wa shida inayodumu, na kinachojifunzwa ni kwamba ninaweza kuathiri jambo. Kwa mshauri hii ina maana kubwa. Hutamtoa mteja kwenye kukata tamaa kwa maneno. Anahitaji kitendo chenye matokeo ayaonayo. Kitendo kiwe kidogo, cha mara kwa mara, pamoja na watu, na chenye mwisho. Akina mama wa Plaza de Mayo kule Buenos Aires, Argentina, ambao watoto wao walipotezwa na utawala wa kijeshi, walianza mwaka 1977 wakatembea kuzunguka uwanja kila Alhamisi, kisha kila mmoja akarudi nyumbani. Usimsukume mteja kwenye harakati, kwa kuwa hatari ni yake na si yako. Kwa mwingine kitendo ni kumsindikiza jirani ofisini, au kufundisha watoto kusoma.

Na watu ni nusu ya tiba hii. Polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, Stasi, walikuwa na mwongozo wa ndani wa mwaka 1976 ulioeleza namna ya kuvuruga urafiki, kupanda shaka na kumharibia mtu sifa bila kumkamata. Mteja anayejitenga kwa tahadhari anajifanyia mwenyewe kazi hiyo ya kuvunja urafiki bila kutumwa. Mwandikishe tena majina: naweza kusema yote na nani, na nani mambo ya kila siku tu, nani nimkwepe. Orodha ya katikati ndiyo huwa ndefu, na ndiyo iliyosahaulika.

Je, mshauri awe na msimamo? Nchini Chile wakati wa dikteta Pinochet, Elizabeth Lira na wenzake waliowahudumia watu walioteswa walikataa kujifanya hawana upande juu ya mateso. Sema wazi kwamba kumpiga na kumpoteza mtu ni uovu. Mteja akikuona umenyamaza hapo, hatakuamini tena. Nani apigiwe kura, hilo si lako. Atakuja pia mteja anayemshangilia mtawala na kuwaogopa wapinzani wake. Safu ni zile zile tatu. Ukihisi dharau inapanda, nenda kwa msimamizi wako wa kitaaluma; ikishindikana, mpe rufaa kwa heshima kabla hajaisikia sautini mwako.

Nawe unaishi katika hali hiyo hiyo. Sentensi moja inatosha, "Nami mambo haya yananigusa," kisha urudi kwake. Jichunguze ukiona wewe ndiye unayeanzisha mada, au unatamani mteja akuhakikishie.

La mwisho ni kumbukumbu za vikao. Katika kikao cha kwanza mweleze mipaka ya usiri: sheria inaweza kukulazimisha kutoa nini, na kwa amri ya nani. Andika dalili, tathmini ya hatari, na mliyokubaliana. Majina ya watu wengine, ya vikundi, njia za kusafiri na hadhi ya uhamiaji yasiingie isipokuwa sheria au tiba yenyewe inayahitaji. Usirekodi sauti. Faili likishadaiwa usibadilishe wala kuchoma kitu. Mtafute mwanasheria wa chama chako cha taaluma siku hiyo hiyo. Na mteja akiuliza umeandika nini kumhusu, msomee.