Jiwe la pangoni linajuaje mvua ya kale?
Ndugu, umeuliza jiwe linajuaje mvua ya miaka 10,000 iliyopita. Chukua pango la Qunf, Dhofar, kusini mwa Oman, ambako mvua huja na upepo wa kusi. Maji hudondoka, kila tone huacha chokaa kidogo, jiwe linapanda kutoka sakafuni. Likikatwa kwa msumeno utaona matabaka membamba, kama kitunguu. Umri husomwa kwa urani, metali inayogeuka polepole kuwa metali nyingine, thori: maji huibeba urani, thori hubaki nyuma, kwa hiyo karibu thori yote iliyomo jiweni imezaliwa humo humo, na kadiri inavyozidi ndivyo tabaka lilivyo la kale. Mvua nayo husomwa kwa oksijeni-18, yaani oksijeni ya aina nzito: mvua ikizidi, hupungua katika tabaka la wakati huo. Na hapo ndipo panaponishangaza: tangu miaka kama 8,000 iliyopita mvua ilipungua taratibu, ikifuata jua la kiangazi la kaskazini lililokuwa likidhoofika.