Mshtarii imekuwa doa la kijani: je, vifaa vipya vya darubini ni feki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Tabata, Dar es Salaam. Nina darubini ya kioo, ile fupi ya kuweka mezani: kipenyo milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10, na sina malalamiko nazo. Sasa dada amekuja likizo kutoka Uingereza akaniletea boksi la vifaa: Barlow ya mara mbili (lenzi ya kuzidisha ukuzaji), lenzi ya milimita 6, filta ya mwezi, filta ya UHC (ya kutazamia nebula), kilengeo cha nukta nyekundu na kishikio cha simu. Usiku uleule nikaitoa darubini chumbani, kwenye AC, nikaiweka uani juu ya meza ya plastiki. Nikafunga lenzi ya 6 juu ya Barlow, nikaongeza UHC, nikalenga Mshtarii. Nikaona doa la kijani lenye ukungu, linachezacheza kama liko ndani ya maji. Nebula ya Jabari, lile wingu la gesi kwenye kundi la nyota la Jabari, ambayo kwa lenzi ya 25 huwa naiona vizuri, safari hii sikuipata kabisa. Mwezi ulikuwa karibu kujaa. Je, Barlow ni mbovu, au dada kauziwa feki?

JIBU: Marahaba. Dada yako hana kosa. Kwa ulivyoeleza, ulichokiona ndicho hasa vifaa hivyo hutoa vikifungwa kwa pamoja namna hiyo, katika usiku wa namna hiyo. Inawezekana kimoja kina kasoro, lakini ukivijaribu vyote kwa mpigo huwezi kujua ni kipi.

Tuanze na ukuzaji. Gawanya 650 kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho: lenzi ya 25 inakuza mara 26, ya 10 mara 65, ya 6 mara 108. Barlow inazidisha mara mbili, kwa hiyo unapata pia 52, 130 na 217. Wewe uliruka moja kwa moja hadi 217. Kwa nadharia kioo cha milimita 130 kinaweza kufika kama mara 260, lakini hewa ya juu ya nyumba za mjini haikuruhusu kila siku. Mabati na kuta za zege zimeota jua mchana kutwa, na hadi saa tatu usiku bado zinatoa joto. Ukilenga sayari iliyo juu ya paa la jirani, unatazama kupitia joto hilo, na kadiri unavyokuza ndivyo mtikisiko nao unavyokua. Mwanga nao unabanwa: lenzi ya 6 juu ya Barlow ni sawa na lenzi ya milimita 3, na kwa hiyo mshipi wa mwanga unaoingia jichoni una upana wa milimita 0.6 tu, wakati kwa lenzi ya 25 una milimita 5.

Kuhusu ukungu, namshuku AC kabla ya kumshuku mwenye duka. Kioo kilichopoa chumbani kikitolewa ghafla kwenye hewa ya pwani yenye unyevu, maji hugandama juu yake. Hata kikikauka, kama joto lake bado halijalingana na la nje, hewa ndani ya bomba huendelea kuzunguka na kuharibu picha. Itoe darubini nje mapema, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kutazama, na uiache na vifuniko vyake mpaka izoee. Ukikuta kioo kimeshafanya ukungu usikifute kwa kitambaa wala kanga. Subiri ukauke wenyewe. Kupangusa kunakwaruza ule utando wa alumini, na mkwaruzo ukishaingia hautoki.

Rangi ya kijani ni kazi ya UHC. Filta hii hupitisha kipande chembamba cha mwanga, hasa mistari ya oksijeni kwenye nanomita 496 na 501 na ule wa haidrojeni kwenye 486, na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga mwingine. Nebula kama ya Jabari hung'aa kwa mistari hiyo hiyo, ndiyo maana filta inaisaidia kujitenga na anga. Mshtarii haina mwanga wake. Inaakisi mwanga wa jua wenye rangi zote, kwa hiyo ukiweka UHC umeichuja rangi na kuififisha bila faida yoyote. Kilimia nayo, kwa kuwa ni nyota tupu, itafifia tu.

Ijaribu UHC hivi. Subiri usiku usio na mwezi, weka lenzi ya 25 peke yake na ulenge Jabari. Usiifunge filta kwanza. Ishike kwa kingo na vidole viwili, ipitishe kati ya jicho na lenzi, iondoe, irudishe. Kama ni nzima utaona anga la nyuma likiwa jeusi zaidi na mabawa ya nebula yakitanuka kila filta inapopita. Kwa mwezi ule uliokuwepo jaribio lolote la nebula lingeshindwa. Ila nikutahadharishe kidogo: filta hizi zilipata sifa enzi za taa za barabarani za sodiamu, zile za njano, ambazo mwanga wake ni rahisi kuzuia. Taa nyeupe za LED zinatoa rangi karibu zote, nyingine zinapita humo humo na mwanga wa nebula. Kwa hiyo Tabata nafuu itakuwepo lakini ndogo. Ukienda nayo kijijini utaona tofauti.

Sasa Barlow. Usiku wenye anga tulivu, chagua nyota ang'avu iliyo juu sana, weka lenzi ya 10 bila Barlow, kisha igeuze fokasi kidogo mpaka nyota iwe duara lenye pete ndani yake. Kivuli cheusi cha kile kioo kidogo kilichomo ndani ya bomba kinatakiwa kiwe katikati ya pete. Kama kimeegemea upande, vioo vya darubini havijalingana, na hilo halihusiani na boksi la dada. Kama kiko sawa, ongeza Barlow uangalie tena. Pete zikipinda au zikipata mkia, legeza skrubu na uizungushe Barlow robo duara ndani ya bomba la fokasi, bila kuigusa darubini. Kasoro ikizunguka pamoja na Barlow, basi Barlow ni mbovu, irudishwe. Ikibaki pale pale, tatizo liko kwenye vioo vya darubini au ndani ya jicho lako mwenyewe.

Ikipita mtihani huo, kazi yake nzuri kwako ni kuibeba lenzi ya 10: mara 130 inatosha kabisa kuona mikanda miwili ya Mshtarii na pete za Zohali hewa ikitulia. Kwa siku nyingi lenzi ya 6 peke yake, mara 108, itakupa picha safi zaidi. Lenzi ya 6 na Barlow kwa pamoja ziweke kwa ajili ya mwezi, usiku hewa ikiwa imetulia kweli.

Kifaa bora ndani ya boksi lile, kwa maoni yangu, ni kile ambacho hukukitaja tena: kilengeo cha nukta nyekundu. Huko kwetu Jabari hupita karibu utosini kabisa, mahali ambapo darubini ya mezani ni ngumu kuelekeza, na nukta hiyo itakuokolea shingo. Kwanza vuta kile kipande cha plastiki kinachozuia betri. Kilinganishe mchana: weka lenzi ya 25, lenga ncha ya mnara wa simu ulio mbali, mbali kabisa na upande wa jua, kisha zungusha skrubu zake mpaka nukta iketi juu ya ncha hiyo hiyo. Rudia kwa lenzi ya 10. Usiku punguza mwanga wa nukta hadi uione kwa shida, na ukimaliza izime.

Nikiwa hapo kwenye jua: ukikuta ndani ya boksi kifilta kidogo cheusi kinachodaiwa ni cha kutazamia jua na kinafungwa kwenye lenzi ya jicho, kivunje na ukitupe. Mwanga ukishakusanywa na kioo hukipasua kwa joto, na jicho ndilo linalopokea. Filta ya jua hukaa mdomoni mwa darubini, mbele kabisa. Nakukumbusha mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua kutakakoonekana kwa sehemu Tanzania, na najua utaitoa darubini.

Filta ya mwezi haina hatari, inapunguza ukali tu. Kabla ya kuifunga angalia kifuniko cha mbele cha darubini: vingi vina kitundu kidogo chenye mfuniko wake, na ukifungua hicho peke yake mwezi unapungua ukali vilevile.

Kishikio cha simu kianze na mwezi na lenzi ya 25. Simu ina uzito, bomba litainama polepole, kwa hiyo kaza kidogo skrubu ya msuguano. Meza ya plastiki iache ndani. Weka darubini juu ya tofali mbili zilizolala sawa. Bonyeza kwa muda mrefu kwenye kioo cha simu mpaka fokasi ijifunge, shusha mwangaza mpaka mashimo ya mwezi yaonekane, kisha weka taima ya sekunde 3 ili kidole chako kiwe kimeshaondoka picha inapopigwa. Kwa Mshtarii rekodi video badala ya picha moja. Kati ya fremu nyingi utapata chache ambazo hewa ilitulia.