Ukipanga waleti, mfikirie atakayeifungua

Naipenda waleti yangu na sioni haya kusema. Ni ya ngozi ya ng'ombe, rangi ya kahawia, niliichambua kwenye meza ya mtumba soko la Karume, Dar es Salaam, tukavutana bei na muuzaji mpaka akachoka, akaniambia nichukue niende zangu. Pale dole gumba linapogusa kila nikiifungua pamekuwa peusi, laini kabisa. Upande wa pili ngozi imeshajichora umbo la kadi ya benki, pembe zote nne zinaonekana.

Marafiki wananicheka kwamba waleti imepitwa na wakati, hela zote siku hizi ziko kwenye simu. Ni kweli, M-Pesa ipo Tanzania tangu mwaka 2008 na leo hata muuza mihogo ana namba ya kulipia. Lakini panda daladala ya Mbagala na simu iliyozima chaji, halafu umweleze konda habari za kulipa kwa simu.

Basi, kijana mwenzangu, kama na wewe una mapenzi na waleti yako, nina ushauri mmoja tu, mengine yote yanatoka humo. Ukiipanga, usijifikirie wewe. Wewe vitu vyako unavijua hata gizani. Mfikirie mtu atakayeifungua siku ambayo haupo, au upo ila huwezi kusema. Anaweza kuwa muuguzi wa zamu, anaweza kuwa dereva wa bajaji aliyeiokota chini ya kiti, anaweza kuwa kibaka aliyekuchomolea kwenye msongamano wa stendi ya mabasi ya Magufuli.

Nianze na muuguzi kwa sababu ndiye tunayemsahau. Mtu akipata ajali ya bodaboda, simu ama inapasuka ama inabaki imefungwa kwa alama ya kidole, na namba ya mama yake imo humo humo ndani. Wangapi kati yetu tunazikumbuka kichwani namba za watu wa nyumbani? Kwa hiyo kata kipande cha karatasi ngumu ukubwa wa kadi, andika kwa kalamu ya wino majina mawili na namba mbili, na uhusiano wao na wewe: mama, kaka, mke. Mawili, kwa sababu mmoja anaweza asipokee. Kama una pumu, kisukari, kifafa au dawa inayokudhuru, andika hapo hapo kwa herufi kubwa. Zungushia selotepu pande zote mbili isilowe jasho, kisha iweke mahali inapoonekana mara tu waleti inapofunguliwa, isiwe nyuma ya picha ya mpenzi wako.

Kadi ya bima ya afya ikae karibu na karatasi hiyo. Na kuna kadi nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote nilizonazo, ile unayopewa ukichangia damu. Inaonyesha kundi lako la damu. Hospitali watakupima upya kabla ya kukuongezea damu, na ndivyo inavyotakiwa, lakini angalau wewe na ndugu zako mnajua. Ukienda vituo vya Mpango wa Taifa wa Damu Salama hulipi kitu, na mwanaume mwenye afya njema anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Sijaona kadi nyingine kwenye waleti ya kijana yenye heshima kama hiyo. Hizo za dhahabu za benki tuwaachie wenye nazo.

Sasa huyu aliyeokota. Watu wema wapo wengi kuliko tunavyodhani, tatizo ni kwamba hawajui pa kukupata. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kina jina lako, hakina namba yako ya simu. Matokeo yake vitambulisho vinapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa vinabandikwa ukutani, vinapauka kwa jua, mwenyewe yuko mtaa wa tatu anahangaika. Weka kikaratasi kingine kidogo: "Ukiiokota, tafadhali piga namba hii." Namba iwe ya mtu mwingine wa kwako, maana mara nyingi simu na waleti hupotea safari moja.

Huyo huyo muokotaji ataona na mengine. Ataona mikeka, zile karatasi za kubeti mechi. Jamani, mkeka uliochanika tangu msimu uliopita unautunza wa nini? Nimeona waleti za jamaa zangu zimevimba kama maandazi, ukifungua ni mikeka, risiti, vocha zilizokwanguliwa na kadi za biashara za mafundi ambao hawajulikani walihamia wapi. Toa vyote. Risiti ya maana, ya simu au ya friji yenye waranti, ipige picha siku hiyo hiyo uliponunua, maana zile karatasi za mashine za EFD, zinazotoa risiti za kodi, huandikwa kwa joto bila wino, na maandishi yake hufifia. Baada ya miezi michache mfukoni unabaki na karatasi nyeupe, na muuza duka naye hana shida ya kukukumbuka.

Na kwa kuwa tunaongea vijana kwa vijana: kondomu haikai kwenye waleti. Joto, kukaliwa na kukunjwa kila saa vinachosha ule mpira, unaweza kupasuka siku ya kazi. Ukilazimika kutembea nayo, iweke kwenye mfuko wa begi pasipobanwa, na usome tarehe ya mwisho kabla ya kuitumia.

Tuje kwa kibaka. Huyu anatafuta fedha, na asipozipata za kutosha anatafuta njia ya kuzifikia. Najua watu wameandika namba ya siri kwenye karatasi iliyokunjwa nyuma ya kadi ya ATM. Wengine hawajaiandika ila ni mwaka wao wa kuzaliwa, wanaona wameficha. Chukua kitambulisho chako cha NIDA uangalie ile namba yenye tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo aliyekuibia amebeba kadi ya benki mkono mmoja, na mkono wa pili tarehe yako ya kuzaliwa. Badilisha leo.

Kitambulisho chenyewe sikibebi kila siku. Nikiwa na safari ya benki, mkoani au kwenye ofisi ya umma nakichukua, siku nyingine nabeba fotokopi yake iliyopunguzwa na kutiwa plastiki. Kukitafuta kingine ni kuchukua kwanza ripoti ya upotevu polisi, kisha ada ya shilingi 20,000, kisha foleni na kusubiri. Kadi ya mpigakura ndiyo kabisa, iache kabatini, uchaguzi ukifika itakuwepo. Paspoti saizi mbili beba, hizo hazina hasara na kila fomu ya nchi hii inazitaka.

Fedha nazo nazigawa. Noti ndogo mbele, za nauli na za mama ntilie, ili usije ukafunua waleti nzima mbele ya watu kutafuta buku. Msimbazi mmoja, yaani noti ya elfu kumi, nimeukunja mara nne nyuma ya kadi ya bima, huo ni wa dharura, hauhesabiwi hata mwezi ukiwa kwenye kona. Kama umeficha noti za zamani kwa kumbukumbu, sawa, ila ujue zile za toleo la mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya karatasi ya mwaka 2010, Benki Kuu iliziondoa na mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa Aprili 5, 2025. Ni picha sasa.

Kuhusu mfuko wa nyuma sitaki kubishana sana. Kwanza unamrahisishia kibaka. Pili ni mgongo na mguu: mwaka 1978 jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilichapisha barua ya daktari kuhusu maumivu yanayoletwa na kukalia waleti iliyojaa kadi. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unapita kwenye kalio kushuka mguuni, na wewe unaubana upande mmoja kwa muda wa saa nane ofisini au kwenye usukani. Mfuko wa mbele, basi. Na konda akipiga kelele "angalieni mifuko yenu jamani," usikimbilie kuipapasa, utakuwa umemwonyesha mwenye haja ilipo.

Ngozi ipake mafuta ya ngozi yasiyo na rangi mara chache kwa mwaka. Usipake kiwi ya viatu, rangi yake itahamia kwenye suruali na kwenye noti. Ikilowa mvua, ianike kivulini ikiwa wazi, juani itakakamaa. Uzi ukianza kufumuka pembeni, usikimbilie kununua mpya, mpelekee fundi viatu aishone kwa mkono, kwa uzi uliopakwa nta. Ila vitu vyako vitoe vyote kwanza, ukiwa nyumbani, usivimwage kwenye benchi lake.