Maswali na majibu: Tunasema "utupe", mkono umefumbwa

Nasali asubuhi na jioni, mwaka wa tatu sasa. Lakini nikiona mtu anakuja kukopa, nazima taa nijifanye nimelala. Shida iko wapi? (Igoma)

Angalau umekiri. Wenzako huzima taa kisha wakasingizia umeme.

Jisikilize unaposali: mtaji wangu, watoto wangu, kiwanja changu cha Kisesa, maadui zangu. Sasa ipitie Baba Yetu, toka mwanzo hadi ameni, unitafutie "mimi" ilipo. "Utupe leo riziki yetu." Ukishasema "utupe", yule anayegonga mlango umemwombea naye, hata kama hukukusudia. Na mara tu baada ya kufundisha sala hiyo, katika Luka 11, Yesu anasimulia habari za mtu aliyegonga usiku wa manane akitaka mikate mitatu. Mahubiri yote niliyosikia husifu ung'ang'anizi wake. Mikate yenyewe ilikuwa ya mgeni aliyemfikia, si ya tumbo lake.

Bibi yangu kule Ukerewe alisali jioni kwa kutaja nyumba, moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo karibu na maji. Kuna mjane mmoja ambaye jina lake likifika sala ilikatika: "Kwake leo sikuona moshi. Wewe, chukua muhogo huu, kimbia." Wengine tulibaki macho yamefumbwa mpaka aliyetumwa arudi, ndipo tukamalizia. Tuliichukia sana sala ile, hasa siku za mvua.

Fanya hivyo wiki moja. Taja watu watatu kwa majina kila asubuhi, wasiwe ndugu zako. Kama huyajui majina ya majirani, basi kazi yako ya kwanza ni kuyauliza. Mwanza tumejenga mpaka juu ya mawe, tunapishana kwenye ngazi moja na ndoo za maji kichwani, halafu mtu anaitwa "yule wa geti jekundu".

Fungu la kumi linatolewa kabla ya makato au baada ya makato? (Buhongwa)

Ni mara ya nne swali hili kuja. Anayekaa na kikokotoo usiku akihofia asije akamzidishia Mungu shilingi mia tano, makato hayamhusu. Soma 2 Wakorintho 9:7: Mungu humpenda anayetoa kwa moyo wa furaha, si kwa kulazimishwa. Sitalijibu tena.

Nikimwombea mwenye shida bila kumpa kitu, si inatosha? Mtoaji ni Mungu. (Kirumba)

Huyu naye! Yakobo alishakujibu katika sura ya 2, pale anapomtaja mtu anayemwambia mwenye njaa na asiye na nguo aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Kama huna, omba tu, na dhamiri yako itulie. Lakini wewe umeandika mwenyewe kwamba unauza dagaa sokoni Mwaloni. Unajua vizuri kuwa siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu, na vijana wa kibarua wanakopa unga. Hapo ndipo "tutakuombea" zinapokuwa nyingi mwaloni.

Wapo akina mama wachuuzi ninaowafahamu ambao kabla ya sala yao ya alfajiri kila mmoja humimina kopo moja la dagaa kwenye gunia. Wakisema ameni, gunia limeshapata mwenyewe. Hawana katiba wala mweka hazina, na sijasikia wakigombana.

Mtumishi mmoja anasema nikituma "mbegu" kwa simu nitarudishiwa mara mia kabla ya mwezi kuisha. Nitume? (Sengerema)

Usitume. Hiyo mara mia iko Marko 10:30, na mstari huohuo unasema "pamoja na udhia". Mbona udhia hautangazi? Tena waliokuwa wanaambiwa pale ni watu walioacha nyumba na mashamba kwa ajili ya Injili, si waliotuma elfu ishirini. Halafu wengi wa hawa wanaokuhimiza utume kabla ya saa sita usiku hata wachungaji si wachungaji. Ni matapeli wenye laini tano. Na kama umeshatuma, wapigie mtandao wako wa simu sasa hivi, usiniandikie mimi.

Nami naongeza ambalo hukuuliza: ukizoea kusali kwa hesabu ya faida, hata jirani yako utaanza kumpigia hesabu.

Mume wangu ni mtu wa maombi, anasaidia kanisa zima, ila ada za watoto nalipa mimi kwa vitumbua. (Mkolani)

Mpe 1 Timotheo 5:8 asome kwa sauti, watoto wakiwepo: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani.

Sala ya kitabu na sala ya kutoka moyoni, ipi inalainisha moyo? (Mkuyuni)

Zaburi zote 150 zimo kitabuni. Sali.

Sina kazi tangu Juni. Kanisani wanasema hata mjane alitoa senti mbili. Nawezaje kuwa mkarimu? (Nyegezi)

Pole, ndugu yangu. Huyo mjane yuko Luka 21, na wanaomtaja sana hawarudi nyuma mistari michache, 20:47, ambapo Yesu anawakemea wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu kwa unafiki. Pesa ya unga wa watoto usiitoe, hata kapu likisimama mbele yako.

Muda unao. Hospitali ya Bugando wanalazwa watu kutoka Kanda ya Ziwa yote, na wengine saa ya kuona wagonjwa inapita hawajaonwa na mtu. Nenda ukakae na mmoja, muulize kwao ni wapi. Jioni mtaje jina. Na jumuiya yako ikikuletea kilo mbili za sembe, zipokee, sema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, usianze kujieleza.